Nilifuata soli hadi juu ya Kahuzi

Kiatu kikiletwa kwenye meza yangu, ngozi siitazami kwanza. Nakipindua. Soli ndiyo itakayoniambia mwenyewe anaishi wapi na siku yake inapita vipi. Mwanafunzi anayepanda na kushuka miteremko ya Kadutu, kisigino chake huliwa upande wa nje. Kijana wa pikipiki, kiatu chake cha kushoto huchakaa juu, pale vidole vinapoinua gia, huku chini kingali kizima. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, kando ya ziwa, kwake uzi ndio hutangulia kuoza, kwa sababu ya maji. Mimi ni kordonie tangu nikiwa na miaka kumi na saba, kibanda changu kiko pembeni ya njia inayoshuka kutoka soko la Kadutu, na mji huu wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, nimeujua hivyo, kwa kupindua viatu vya watu.

Lakini kulikuwa na buti zilizonishinda kusoma.

Zilikuwa za mzee mmoja anayefanya kazi Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa iliyo umbali wa kilomita kama 30 kutoka mjini, ambayo sisi twaiita parki tu. Yeye ni msoma nyayo, pisteri kama tunavyosema. Kila baada ya miezi minne au mitano aliniletea buti zilezile zimechoka. Matope yake hayakuwa ya Bukavu. Ya kwetu ni mekundu, yakikauka yanabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Yake yalikuwa meusi, laini, yenye harufu ya majani yaliyooza, yamejibana ndani ya mshono hadi niyachokoe kwa ncha ya msharasi. Soli ilikuwa imelika mbele kuliko kisiginoni, jambo ambalo hulioni kwa mtu wa barabarani. Kitambaa cha ndani kilichanika upande wa kidole kidogo, kila mara, miguu yote miwili. Na mara nyingine, katikati kabisa ya soli, tundu: dogo, safi, limeingia kwa mshazari kama lililopigwa patasi.

"Papa, hapa pametobolewa na nini?"

"Mwanzi."

"Mwanzi unatoboa soli namna hii?"

"Siku moja njoo uone, fundi."

Kwa miaka sita alinijibu hivyo, akaweka pesa mezani, akachukua buti zake, akaenda. Nami kwa miaka sita niliziba matundu nisiyojua yanatoka wapi. Agosti 2019 nikafunga kibanda siku mbili, nikaenda kuona.

Nilichagua kiangazi kwa makusudi. Huko juu mvua inayonyesha kwa mwaka hufika milimita 1,800 hivi, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo inayompa mtu nafasi ya kupumua kidogo. Mdogo wangu alikataa kubaki nyumbani. Wakati ule alikuwa akisoma biolojia, na tangu mwaka wake wa kwanza alikuwa akinisumbua kwa majina ya Kilatini ya mimea ambayo hakuwahi kuiona ila kwenye karatasi.

Hapa niseme jambo la buti zake, maana lina kazi yake mbele. Alikuwa amenunua buti za mlimani za chaguwa, yaani mitumba, nzuri kweli, ngozi nene ya kahawia, soli yenye meno makali ambayo hayajaguswa na jiwe. Alinionyesha kwa furaha. Nikazipindua, nikaminya kwa kidole gumba lile tabaka lililo kati ya soli na ngozi. Lilibonyea, na lilipobonyea halikurudi.

"Mdogo wangu, buti hizi zimekufa."

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "si unaona meno ya soli? Ni mpya."

Ni mpya kwa kuvaliwa, lakini ni nzee kwa miaka. Buti nyingi za namna ile zimewekewa katikati povu gumu la poliyuretani, ili mguu usihisi mawe. Povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewani, hata buti likiwa limelala kabatini. Mtu wa Ulaya anazivaa mara mbili, anaziweka miaka kumi, anazitoa, zinasafiri ndani ya baloti hadi kwetu, na anayezinunua hapa anaona soli isiyo na alama akadhani amepata bahati. Nimekwisha kuona jozi ambazo nikizigonga mezani povu linamwagika kama unga wa muhogo. Sisemi msinunue chaguwa, mimi mwenyewe naishi kwa hizo. Nasema minyeni pale katikati kwa kidole kabla ya kutoa pesa.

Nilipaka gundi nilipoweza. Usiku kabla ya kulala nikatia mfukoni msharasi, sindano mbili, bonge la nta na uzi wa nailoni.

Tuliondoka kabla ya alfajiri. Mudaka tulipita soko halijaamka, wanawake wachache tu wakishusha mizigo ya mgongoni karibu na moto mdogo. Mahali paitwapo Miti tukaiacha barabara ya Kavumu, tukakata kushoto kuelekea milimani, na baada ya muda mashamba ya chai yakatuzunguka pande zote mbili, yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Kulipopambazuka niliuona mlima Kahuzi vizuri mbele yetu, mkubwa, mgongo wake umefunikwa na wingu jembamba. Nimezaliwa hapa. Jina lake nimelisikia kila siku redioni. Lakini sikuwa nimewahi kuukaribia hivyo, na moyo ulinipiga.

Tshivanga, makao ya parki, tuliandikishwa na kupewa maelezo. Mlinzi aliyetupokea alieleza kwamba parki ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000 za huku milimani, kwa ajili ya gorila, na kwamba mwaka 1975 ilipanuliwa hadi 600,000 ikashuka mpaka msitu wa tambarare upande wa magharibi. Tangu 1980 imo katika urithi wa dunia, na tangu 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi, lakini alipofika kwenye ule mwaka 1997 alinyamaza kidogo. Kila mtu wa Kivu anaijua miaka ile ya vita, hakuhitaji kuongeza neno.

Mzee wangu alikuwa akitusubiri nje, amevaa buti nilizomshonea Juni. Alizitazama zangu, akazitazama za mdogo wangu, hakusema kitu. Walinzi wawili wenye bunduki wakaungana nasi, gari likatupeleka mbele kidogo kwenye barabara ya kwenda Bunyakiri, ambayo inapita ndani ya parki yenyewe, na hapo kando ya barabara tukashuka. Hakuna lango wala kibao kikubwa. Kuna mwanya kwenye majani. Mzee akaingia, tukamfuata.

Mianzi ndiyo inayokupokea. Yule anayejua mianzi ya uani kwa watu, iliyosimama wima kama fito za uzio, aisahau. Hii imepandana, imeinama, imeanguka juu ya wenzake, mingine imekufa tangu zamani na bado haijapata nafasi ya kulala chini. Mwanga unaoingia ni wa kijani. Upepo ukipita juu, fito zinagongana na kusaga, sauti kama mlango wa mbao unaofunguliwa taratibu na mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Chini ni matope meusi. Niliinama nikachukua kidogo kwa kidole, nikanusa. Ndiyo yenyewe. Miaka sita nimeyachokoa kutoka kwenye mshono, na sasa nilikuwa nimesimama ndani yake hadi kwenye vifundo.

Kisha nikaona visiki. Njia ile inasafishwa kwa panga, na panga haliukati mwanzi sawasawa. Huukata kwa mshazari, kwa sababu mkono wa mtu hushuka kutoka begani. Kinachobaki ni mrija mgumu wenye ncha, umetokeza sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, na majani yaliyoanguka yanaufunika kabisa. Ukikanyaga kwa uzito wako wote unapita kwenye mpira kama sindano kwenye shati. Nilichuchumaa mbele ya kimoja nikakitazama pembe yake. Nilikuwa naijua pembe hiyo. Nimeiziba kwa mikono yangu mara nyingi.

Mzee alisimama akanisubiri. "Umeuona?"

"Nimeuona, Papa."

"Basi weka mguu pale ninapoweka mimi."

Nikaanza kumtazama miguu, kazi ambayo naiweza. Hakanyagi katikati ya njia, pale ambapo sisi sote tunaona ni pazuri. Anakanyaga kwenye shina, pale mianzi mingi inapotoka ardhini pamoja na mizizi imefungamana, maana hapo hapazami na kisiki hakiwezi kujificha. Mteremko ukisimama, hainui mguu wote kuutua bapa. Anachoma ncha ya buti kwenye udongo, kama ninavyochoma msharasi kwenye ngozi, anahakikisha umeshika, ndipo anapandisha mwili. Kisigino chake hakigusi kitu kwa dakika nyingi. Hiyo ndiyo sababu ya soli kulika mbele. Mimi nilikuwa nikimwekea mpira mnene kisiginoni, kwa miaka sita, mahali asipopahitaji, na mbele nikimpa mwembamba.

Gorila hatukuwaona, wala hatukuwatafuta. Wao wana siku yao na ruhusa yao. Tulipita tu kwenye kitanda chao cha zamani, majani yamekunjwa na kulazwa kwa mduara. Mdogo wangu alitaka kukigusa, mlinzi akamzuia kwa upole.

Baada ya mianzi, msitu wa miti mizito yenye kuvu na kijani mpaka kwenye vidole vya matawi. Sehemu hii sitaieleza sana kwa sababu nilikuwa nimeshika pumzi zangu kwa mikono miwili. Njia inapanda bila kuzunguka. Mahali pengine unashika mzizi, unajivuta, unatafuta mzizi mwingine. Ukungu uliingia, ukawa manyunyu, na ile habari ya kiangazi ikaisha hapohapo. Majani ya kuwasha yalinipata mkononi, na moto wake ulikaa nami hadi usiku.

Halafu miti ikaanza kupungua kimo. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona anga kati ya matawi. Miti ya hapo ni Erika, mdogo wangu ndiye aliyeitaja, majani yake madogo kama sindano, magome yamejikunja, na kila tawi limening'iniza ndevu za kijivu zinazopepea. Alisema ndevu hizo hunywa maji kutoka kwenye ukungu. Alikuwa akisema hivyo huku akirudi nyuma apige picha, na hapo nikasikia ile sauti.

Mwenye kazi yangu hawezi kuikosea. Ni kama mkate mkavu unaovunjwa. Soli yote ya mguu wa kushoto ilibaki kwenye matope, yeye akasimama upande mwingine na ngozi tupu chini ya unyayo, povu la manjano likimwagika.

Alinitazama bila kusema. Alikuwa na miaka ishirini na mbili lakini wakati ule niliona uso wake wa miaka saba. Nikamkalisha kwenye jiwe, nikaitoa soli kwenye matope, nikaifuta kwa majani, nikafungua mfuko wangu.

Kushona soli bila meza, bila nyundo, mikono imekufa baridi, sikuwahi. Povu lote nililikwangua, kwa sababu gundi au uzi ukishika povu lililooza umeshika hewa. Nikaiweka soli moja kwa moja chini ya ngozi. Nikapitisha msharasi kutoka nje kwenda ndani, nikatanguliza sindano ya kwanza, kisha ya pili kutoka ndani kwenda nje katika tundu lilelile, nyuzi mbili zikipishana, nikavuta. Nta ilikuwa ngumu kwa baridi, nikaitia mdomoni kuilainisha. Mlinzi mmoja alinishikia buti kwa magoti yake. Mzee alifuata matundu pamoja nami kwa macho, akihesabu chini chini. Nilipofika ishirini na mbili, mzunguko ulifungika. Buti ya kulia nayo nikaitangulia kabla haijatufanyia vivyo hivyo, na hiyo ilikuwa rahisi zaidi.

Mdogo wangu alivaa, akasimama, akachoma ncha ardhini kama alivyoona kwa mzee. Ikashika.

"Asante, yaya."

Hatukulizungumza tena siku ile, na halikuhitaji.

Juu ya Erika ndipo pale nilipokuwa sijaambiwa na mtu. Watu wakieleza Kahuzi wanaeleza gorila, wanaeleza msitu, wanaeleza matope. Hawasemi kwamba msitu unaisha. Unatoka kati ya vichaka vya mwisho ukiwa umeinama kwa mazoea ya kuinama, unainua kichwa, hakuna cha kukuzuia. Ni majani. Majani mafupi, membamba, rangi ya kahawia iliyochanganyika na fedha, yamelala yote upande mmoja kwa upepo, na kati yake mawe yenye madoa meupe na ya machungwa. Hakuna ndege anayelia. Hakuna mwanzi unaosaga. Upepo tu, na pumzi zetu.

Mdogo wangu alipiga magoti. Nyasi hiyo ni Deschampsia flexuosa, alisema, na vile vimea vigumu vilivyosimama wima katikati yake ni Lycopodium saururus, na saururus maana yake ni mkia wa mjusi. Niliangalia, na kweli, ni mikia ya mijusi imechomekwa ardhini na vichwa vyao vikiwa chini. Akanionyesha na mmea uliopewa jina la mlima huu, Senecio kahuzicus, shina nene lenye shada la majani makubwa juu, kama kabichi iliyoinuliwa kwenye nguzo. Majani yake yakifa hayaanguki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti, kulikinga na baridi ya usiku. Niliingiza vidole kati ya yale majani makavu, na ndani kulikuwa na uvuguvugu kidogo. Nilifurahi sana kukuta mmea unaojishonea nguo kwa vipande vyake vyenyewe.

Mdogo wangu alikuwa akilia. Sikumwuliza. Miaka mitatu alikuwa ameyasoma majina hayo kwenye nakala za fotokopi zilizofifia, na umbali wote ulikuwa asubuhi moja kutoka kitandani kwake.

Nikatazama chini kuangalia mshono wangu, nikaona buti zetu zimebadilika rangi. Nyasi ile fupi na ngumu ilikuwa imezifuta matope kadiri tunavyotembea, kama brashi. Ngozi ilikuwa inaonekana. Na katika mshono, pale ambapo uzi unaingia ngozini, vilikuwa vimenasa vijani viwili vitatu vya rangi ya fedha.

Kilele kina mita 3,308. Ziwa liko kama mita 1,460, kwa hiyo tulikuwa karibu mita 1,850 juu ya maji tunayochota, na kwa kuwa joto hushuka zaidi ya nusu nyuzi kila mita 100, kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Ukungu ulikuwa ukifunguka na kufunga. Ulipofunguka upande wa mashariki tuliona Kivu yote, buluu ya chuma, na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati. Magharibi msitu haukuwa na mwisho. Mji wetu sikuuona, wingu lilikuwa limeukalia, ila nilijua mahali ulipo kwa mkono wa ziwa unaoingia kusini.

Tulikula viazi vitamu vya baridi na karanga. Mzee alikaa pembeni kidogo, akafungua kamba, akavua buti, akavua soksi, akaweka miguu kwenye nyasi.

Kwa miaka sita nimeshika buti zake, na mguu wake sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa mpana mbele kuliko mguu wowote niliowahi kupima. Vidole vimeachana, kila kimoja kinajitegemea, kidole kidogo kimetoka nje kabisa, na ngozi yake ya juu ilikuwa na sugu jekundu la kuchubuka, upande uleule ambao kitambaa huchanika. Nilikuwa nikilaumu kitambaa. Nilikwenda hata kutafuta kingine kizito zaidi kwenye soko la Nyawera, nikambana zaidi.

"Papa, buti zangu zinakuumiza."

"Buti zote zinaniumiza, fundi. Mguu huu haukukulia ndani ya kiatu."

Akanieleza. Yeye ni Mutwa. Alizaliwa humu, chini kidogo ya pale tulipokaa, na njia hii tuliyopanda kwa masaa yale yote alikuwa akiipanda na baba yake bila kitu mguuni. Visiki vya panga havikuwepo, kwa sababu mianzi walikuwa wakipita katikati yake, hawakuikata. Katika miaka ya 1970, alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, familia za Wambuti wa huku, yaani Batwa, ziliondolewa msituni bila kupewa ardhi ya badala. Walikwenda kukaa pembeni ya mashamba ya wengine. "Tulipotoka huku ndipo nilipovaa kiatu," alisema. "Nilipokuwa mtu mzima nikarudi kufanya kazi, wakanipa buti."

Alisema hayo akitazama nyasi, bila kupandisha sauti. Mlinzi aliyekuwa karibu alisikia yote, akanyamaza. Sikuwa na neno la kumpa. Nilimwomba tu ruhusa niupime mguu wake. Sikuwa na karatasi, hivyo mdogo wangu alirarua ukurasa mkubwa wa daftari lake la mimea, mzee akakanyaga juu yake, nami nikauzungushia kalamu taratibu, kila kidole, na mapengo kati ya vidole.

Kushuka kulitupiga magoti na kucha, kama kushuka kote. Mishono yangu ishirini na mbili ilishika hadi barabarani.

Ukurasa ule niliubandika ukutani kwenye kibanda. Kalibu zangu za mbao zote ni za kununua, zina ncha ya mguu wa mtu ambaye vidole vyake vimelelewa pamoja. Nilichukua kubwa kuliko zote nikaiongezea vipande vya ngozi upande wa nje, safu juu ya safu, gundi na msasa, nikilinganisha na ule mchoro, hadi kidole kidogo kikapata nyumba. Ilinichukua jioni nane. Ngozi ilikuwa ya ng'ombe, laini, niliyoitia mafuta mara tatu. Soli nilikata kwenye tairi la lori, kwa sababu ndani ya tairi mna matabaka ya nyuzi zilizopishana na mwanzi ukizifikia unasimama. Mbele niliacha mpira mnene, nikauchonga meno ya kukingama, makubwa, yenye nafasi ya kutema matope. Kisiginoni nikapunguza. Karibu na kikanyagio cha ndani nikatoboa matundu mawili ya kutolea maji nikayawekea pete za shaba.

Alikuja Oktoba. Alivaa akiwa amesimama nje, kwenye udongo mwekundu uliolowa, hakusema kitu, na mimi sikumtazama uso. Nilitazama ngozi ya mbele. Nikaona inainuka, kidole kimoja, kisha kingine, kisha kile cha mwisho, vyote vikijinyoosha ndani.

Tangu wakati ule mji wetu umepita katika mengi, na si kila mwaka njia ile imekuwa ya kwenda. Lakini mapema 2020 alizileta kwa mara ya kwanza, soli ya mbele imelika nusu, kisigino kizima, kitambaa cha ndani hakijachanika. Nilizipindua juu ya meza. Matope meusi kwenye meno. Hakuna tundu. Na katika mshono wa kulia, karibu na kidole kidogo, kulikuwa na kijani kimoja kikavu cha rangi ya fedha, kimeingia pamoja na uzi.

Matope niliyachokoa yote. Kile nilikiacha, nikashona pembeni yake.